Maji Tuliyonyimwa Mgeta

Wenzangu wa kwaya ya akina mama, nimechoka. Mmoja ananisimamisha sokoni, mwingine ananinong'oneza tukiwa tumefumba macho kwenye sala: hivi kule milimani mlipatwa na nini? Nimesimulia vipande vipande mpaka habari imeanza kuzaa watoto. Jana nimesikia kwamba tulifukuzwa na mbuzi. Hatukufukuzwa na mbuzi. Kaeni niwaambie ilivyokuwa, na Mama Elia mwenyewe amesoma kila mstari na kufuta miwili tu.

Mama Elia mnamjua. Ni Mpare wa Same tambarare, alikuja huku Turiani na marehemu mumewe kufuata kazi ya kiwanda cha sukari, akabaki na mtoto mmoja, huyo Elia fundi wa matrekta. Mnajua pia kwamba hanunui hata kilo ya mchele kabla hajamwuliza Mungu. Simcheki. Namcheka kidogo. Mimi nami nasali, lakini mambo ya mchele nimeachiwa mwenyewe.

Sasa Elia amempenda binti wa Mgeta, Veronika, ambaye walikutana Morogoro mjini binti alipokuwa akisomea ushonaji. Akamwambia mama yake, "Mama, ukisema ndiyo nitamwoa. Ukisema hapana nitamwacha, ila usiniambie nitafute mwingine." Ni maneno mazito kwa mtoto mpole kama yule. Mama Elia akasema hatatuma washenga mpaka aende mwenyewe, aone kwa macho yake, na Mungu amwonyeshe. Akanichukua mimi kwa sababu ni Mzigua, na Wazigua na Waluguru ni watani. Mtani anaingia nyumba yoyote kwa mdomo wake.

Turiani mpaka Dakawa

Kituoni kulikuwa na magari mawili yanayokwenda Morogoro. La kwanza lilikuwa limejaa nusu, injini inaunguruma, na kwenye kioo cha nyuma limeandikwa *Wivu Wako Mtaji Wangu*. La pili lilikuwa tupu na limeandikwa *Yesu Dereva Wangu*. Mama Elia akainamisha kichwa. Alipokiinua, la kwanza lilikuwa limeshaondoka, na yeye anatabasamu.

"Unaona, Mama Rehema? Tumechaguliwa."

Tulikaa ndani ya gari letu teule mpaka jua likapanda juu ya miwa. Likaondoka. Kabla ya Dakawa likatoa moshi, likasimama katikati ya mashamba ya mpunga. Kondakta akaingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena. Nikauliza kwa upole, ikiwa dereva ni huyo aliyeandikwa, fundi ni nani?

"Usimjaribu Bwana," akasema Mama Elia, akafungua pochi na kunipa ndizi ili ninyamaze.

Nilikula ndizi. Gari lilitengenezwa na mkulima mmoja aliyetoka jarubani na miguu ya tope, akafunga kitu kwa kamba ya mpira, akakataa hata soda. Mama Elia alisema yule ni malaika. Kwa hilo sikubishana naye, maana nilikuwa na hamu ya kufika.

Msamvu, na sahani mbili

Pale stendi njaa ilitushika. Mama Elia akazunguka vibanda vya mama lishe akisoma majina. Alipoona *Mungu Yu Mwema* aliingia bila kutazama ndani ya sufuria. Mimi nilikwenda kibanda cha jirani kisicho na jina lolote, ila kilikuwa na foleni ya madereva.

Nilipata wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Yeye alipata maharage ya jana na ugali uliokwisha kukauka pembeni. Aliushukuru, akaula wote. Nilimsogezea nusu ya samaki wangu akamchukua bila kuomba mwongozo, nami sikumkumbusha.

Nawaambia haya msije mkadhani Mama Elia ni mtu wa kuchekesha tu. Kuna mtu anayemtanguliza Mungu ili asifanye kazi, na kuna anayemtanguliza kwa sababu amezoea kutembea naye. Mama Elia ni wa pili. Mumewe alipougua, ni huyo Mungu aliyekesha naye wodini wakati sisi tulikuwa tumelala makwetu. Mtu wa namna hiyo ukimcheka, mcheke ukiwa umemshika mkono.

Mlali, njia imefungwa

Tulipanda Noah, tukapita Mzumbe, tukaacha lami pale Sangasanga na kushika vumbi la kuelekea milimani. Mlali wakatusimamisha. Mbele mvua ilikuwa imeangusha kifusi barabarani, magari hayapiti.

Tuliketi kwenye gogo karibu na mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo, Bi Zainabu, mwenye ushungi wa kijani na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Hapo ndipo Mama Elia aliponifungulia moyo.

"Nimeomba ishara," akasema. "Kama yule mtumishi wa kwenye Maandiko aliyesimama kisimani. Nimemwambia Bwana: tukifika, kama huyu binti ataniletea maji ya kunywa kwa mkono wake, bila kuombwa, ndiye. Asiponiletea, siye."

Kwao Same, jamani, maji ni mali. Mgeni anapewa maji hata kabla hajajibu salamu. Na hapa kwetu Turiani, kwa joto hili, ni vivyo hivyo. Nikaona ni ishara rahisi, binti atafaulu kabla hatujavua viatu.

"Na wewe usimdokeze," akaongeza. "Nakujua."

Nikaapa. Wakati huohuo kijana mmoja akatoka mbele kutuambia kwamba kifusi ni kikubwa. Mama Elia akanigeukia, uso umebadilika. "Unaona? Njia imefungwa. Pengine jibu limeshatoka."

Bi Zainabu alikuwa anageuza mihogo yake, masikio yote yako kwetu. "Hicho ni kifusi, mama," akasema. "Si jibu. Na watu wenye majembe wameshakwenda."

"Ninyi hammwulizi Mungu?"

"Tunamwuliza! Sisi tunaswali istikhara. Lakini ukishaswali unatembea, mama yangu. Kama lina heri, njia itafunguka mbele yako. Kama halina, utazuiwa hukohuko. Hukai kwenye gogo unasubiri kuitwa." Akatufungia mihogo kwenye gazeti, na pilipili pembeni. "Kuleni, mtaona njia."

Njia ilifunguliwa jua likiwa limeshaanza kulegea. Tulipoanza kupanda kona za mlima, Mama Elia akaniuliza polepole, "Ni kweli kwamba Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama?"

Nikamwambia ni kweli. Kwao, upande wa mama ndio wenye sauti, na mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Akatazama chini bondeni. Sikumwuliza anachofikiria, na ningepaswa kumwuliza.

Nyumbani kwa kina Veronika

Gari lilituacha Nyandira. Baridi ya kule, wenzangu, inaanza kwenye magoti. Tulipanda kwa miguu kati ya matuta ya kabichi na njegere, mpaka kwenye nyumba ya matofali yenye banda la mbuzi wa maziwa ubavuni. Veronika mwenyewe alitoka mbio kutupokea mizigo, akapiga goti. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akajibu Mama Elia, akimtazama mikono. Mikono ilikuwa na mizigo. Haikuwa na kikombe.

Tukaingizwa jikoni, siyo sebuleni, kwa sababu jikoni ndiko kwenye moto. Mama yake Vero ni mwembamba, mkimya, mwenye macho ya kucheka. Kaka yake, Mjomba Mkude, alikuwa ameketi karibu na mafiga, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alipojua mimi ni Mzigua akaruka. "Dada, ingiza mbuzi ndani! Wezi wamefika!"

"Mbuzi wenu wamekonda," nikasema. "Nimekuja kuiba mtu."

Akacheka mpaka akakohoa. Basi utani ukaanza, na mimi nikawa nyumbani.

Vero akaleta chai ya maziwa ya mbuzi, imechemka na tangawizi, kwenye vikombe vikubwa vya bati. Akampa Mama Elia kwa mikono miwili. Mama Elia akapokea, akanywa funda moja la adabu, akakiweka chini. Akasubiri maji.

Nilikohoa. Nikasema koo limekauka kwa vumbi. Vero akaniongeza chai. Nikasema huku kwenu naona maji yapo mengi, na Mjomba akajibu kwa majivuno, "Maji? Mpaka tumeyachoka!" Mama Elia akanikazia jicho, nikanyamaza.

Kikaja chakula, ugali na njegere za kuungwa kwa karanga, na viazi. Mama Elia alikula kidogo. Kikombe chake kikaondolewa kimejaa, kikaletwa kingine cha moto, nacho kikapoa palepale. Vero alikitazama, akamtazama mama yake. Mjomba naye alikitazama. Kisha akaniinamia mimi, akasema kwa sauti ya utani, "Mzigua, mwambie mwenzako chai ya Waluguru haina sumu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Tulipoachiwa chumba, nikamvamia. "Mama Elia, kwa baridi hii, nani atampa mgeni maji? Hapa kumpa mtu maji ni kumtakia homa!"

"Mungu niliyemwomba alijua kwamba kuna baridi," akasema, akajifunika blanketi.

Hapo nilimwambia neno ambalo mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Nilimwambia, "Wewe hukuomba ishara. Umetega mtego, tena umeutega mahali ambapo unajua utanasa. Unataka Mungu aseme hapana ili usiiseme wewe."

Akasema kutoka ndani ya blanketi, "Nimebaki na Elia tu, Mama Rehema. Akija kuoa huku, wajukuu ni wao, mwisho na yeye ni wao. Mimi nitabaki na miwa."

Niliumia. Nikamvutia blanketi langu nusu.

Kushuka

Asubuhi Mama Elia aliaga kwa heshima zote. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tutaleta habari," na kila mtu mzima anajua hiyo ni habari gani. Mama Vero hakuuliza. Alitufungia karoti, njegere na kabichi kubwa kama kichwa cha mtu, tuchukue nyumbani. Mjomba hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuogopa.

Vero akajitwika kapu, akatusindikiza. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua linachoma vizuri. Njia ni ya mteremko, inapinda kati ya mashamba. Mama Elia alikuwa mbele, anakaza mwendo kama mtu anayekimbia kitu, lakini nilimwona analamba midomo. Nikakumbuka. Alikuwa anasubiri maji tangu jana, na chai hakuinywa. Mama wa watu hakuwa amenywa kitu tangu Mlali isipokuwa lile funda moja la chai.

Tukafika kwenye kijito. Maji meupe, yanaruka juu ya mawe, unayasikia yanavyokuita. Mama Elia akaweka pochi chini, akainama, akakinga viganja.

Kapu likaanguka nyuma yangu, karoti zikamwagika. Vero alinipita, akamdaka Mama Elia mkono, kwa nguvu, maji yakamrukia usoni.

"Usinywe, Mama!"

Mimi nilishika kichwa. Binti amemkamata mkwe wake mtarajiwa mkono kama mgambo! Mama Elia alimtazama, maji yanamchuruzika kidevuni.

Vero alikuwa anahema. Akaonyesha kule juu. "Wanapulizia kabichi, Mama. Leo wanapiga dawa. Mvua ya juzi... yote inashukia hapa. Sisi wenyewe hatunywi ya hapa." Ni kweli, kwenye matuta ya juu tukamwona mtu na bomba la dawa mgongoni, anakwenda na kurudi. Kisha Vero akagundua kwamba bado amemshika. Akaachia, akapiga goti kwenye mawe. "Nisamehe, Mama. Nimekushika mkono. Vumilia kidogo, mbele kuna chemchemi safi."

Mama Elia hakuondoka pale. "Veronika," akasema, "unajua ninakwenda kumwambia nini mwanangu?"

"Najua, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Kikombe." Akainamisha uso. "Huku kwetu mgeni akikataa, hasemi. Anaacha chai. Ulipoacha cha kwanza, mama alisema pengine ni moto sana. Ulipoacha cha pili, Mjomba akasema basi, wamekataa."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Kumbe jikoni jana palikuwa na mahakama mbili, kila moja inatazama kikombe chake, na mimi katikati nacheka na kuongezewa chai.

"Na ulijua hivyo," Mama Elia akasema, "na bado umenizuia. Ungeniacha ninywe tu."

Vero alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nikuache unywe? Elia si amebaki na wewe tu, Mama?"

Mama Elia alifunika uso kwa kanga. Alilia, na simtanii kwa hilo. Mimi niliokota karoti, moja moja, kwa sababu lazima mtu afanye kitu.

Alipomaliza akaliinua lile kapu, akajitwika mwenyewe. Akageuka kuelekea mlimani.

"Gari litatuacha," nikasema.

"Lituache."

"Na hujaomba," nikamchokoza. "Hata kichwa hujainamisha."

"Niliomba juzi, na jana. Nyamaza, upande."

Jikoni, mara ya pili

Kupanda kule na jua kichwani siwasimulii, magoti yangu yatawasimulia mkinitembelea. Tulipofika mlangoni Mama Vero alitoka akikausha mikono, akatuhesabu kwa macho, akaona kapu liko kwa mgeni na binti anatembea mikono mitupu.

"Mmesahau nini?"

"Chai yangu," akasema Mama Elia. "Jana sikuimaliza."

Mama Vero alisimama hivyohivyo, mkono kwenye kanga. Kisha akaita, "Kaka! Kaka, njoo!" akakimbilia motoni kuchochea kuni, na mtu mkimya yule nikamsikia anaimba.

Tukarudi palepale karibu na mafiga. Vero akaleta kikombe cha bati, kimejaa, kinafuka moshi. Mjomba Mkude akaja na koti lake, akaketi, akatazama. Mama Elia akapuliza, akanywa. Akapuliza, akanywa. Kikombe kilipofika katikati nilimwona anafumba macho, nikajua kwamba hapo sasa anaongea na Mungu wake. Akanywa mpaka tangawizi ya chini. Kisha akakigeuza kikombe juu ya kiganja mbele ya Mjomba. Hakikudondosha kitu.

Mjomba akapiga paja. "Mzigua!" akanguruma. "Mwizi we! Si nilisema mbuzi waingizwe ndani?"

"Mbuzi baki nao," nikasema.

Vero alikuwa amepiga goti mbele ya Mama Elia, anapokea kikombe kwa mikono miwili, machozi yanamtoka yenyewe, hayafuti. "Nikuongeze, Mama?"

"Niongeze, mwanangu," akasema Mama Elia. "Ila kwanza nina kiu. Naomba maji."

Aliomba, jamani. Aliomba kwa mdomo wake, maneno mawili, baada ya kuyasubiri tangu jana. Vero akaruka, akachota kwenye mtungi wa nje, akafika mlangoni mwa jiko, akasimama, akakigusa kikombe kwa nje.

"Subiri kidogo, Mama," akasema, akirudi motoni. "Ni ya baridi sana. Ngoja nikupashie."